Tovuti zikaguliwe kwa simu, si kwa projekta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoagiza tovuti, hasa shule, hospitali na taasisi za umma. Mimi ni mbunifu katika kampuni ya kutengeneza tovuti hapa Dar es Salaam, na kinachonikera ni namna kazi yetu inavyokaguliwa siku ya makabidhiano.

Tunaitwa ukumbi wa mikutano. Kompyuta inaunganishwa na projekta, waifai ya ofisi ina kasi, wajumbe wanatazama ukutani: picha kubwa zinapishana juu ya ukurasa, nembo, salamu za mkurugenzi. Mjadala unakuwa wa rangi, na picha ya nani itangulie. Wakiridhika, malipo ya mwisho yanatoka. Sijawahi kuona mjumbe akizima waifai ya simu yake na kutafuta fomu ya kujiunga kwa bando lake mwenyewe.

Lakini mzazi anayeitafuta fomu hiyo yuko stendi, juani, ana simu ya bei nafuu na bando la siku. Picha iliyotolewa kwenye kamera na kupandishwa ilivyo huwa na upana wa pikseli zaidi ya 4,000 na uzito wa megabaiti 4 au 5. Kioo cha simu yake kina upana wa pikseli 720. Picha hiyohiyo ikipunguzwa na kuhifadhiwa kwa WebP, mfumo wa kuhifadhi picha kwa uzito mdogo, inaweza kushuka hadi kilobaiti 100 hivi, na kwenye kioo kile hataona tofauti. Tukiuacha ukurasa na megabaiti 6, kwa mtandao wa megabiti moja kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti nane) atasubiri sekunde 48, na bando linaliwa. Wengi hawasubiri. Wanapanda daladala kwenda kuuliza dirishani jambo ambalo tovuti ililipiwa kulijibu.

Kuna na tangazo lililopigwa mhuri, likaskaniwa, likapandishwa kama picha ndani ya PDF. Ukilitafuta kwa neno hulipati, kulisoma kwenye simu ni kulivuta huku na huku, na asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, mara nyingi haambulii kitu. Hata pale maandishi yapo, violezo vingi tunavyonunua, yaani kurasa zilizotengenezwa tayari, huja vikiwa vimetaja ndani ya msimbo kwamba lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Usipobadilisha "en" iwe "sw", programu ya kusoma inaweza kuyatamka maneno "nafasi za kazi" Kiingereza, na msikilizaji asielewe kitu. Herufi mbili tu! Nimezikuta zimeachwa hivyo kwenye tovuti za Kiswahili kitupu, kwa sababu mteja hakuuliza na fundi alikuwa anakimbizana na tarehe.

Wala si kwamba hatujui. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza tangu 2010 jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga kulingana na kioo. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, tangu toleo la 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, wakati sisi tunaendelea kuweka kijivu hafifu juu ya nyeupe. Zabuni inasema "tovuti ya kisasa yenye mvuto", basi mvuto ndio unaolipwa. Kijana akitumia wiki nzima kupunguza uzito wa kurasa, ukutani haonekani kuwa amefanya lolote. Hilo linawavunja moyo mafundi wazuri kuliko jumbe za WhatsApp za saa nne usiku za "ongezeni nembo kidogo".

Kwa hiyo, wenye zabuni, andikeni kwenye hadidu za rejea kwamba ukurasa wa mwanzo usizidi megabaiti moja, matangazo yawe maandishi na PDF iwe nyongeza tu, lugha ya ukurasa itajwe, na WCAG ifuatwe kwa kiwango chake cha kati, AA. Tengeni fedha za matunzo pia, maana tovuti isiyo na mtu wa kuihudumia huchakaa haraka. Siku ya kupokea kazi, nunueni Kariakoo simu janja ya bei ya chini, wekeni bando la kawaida, mpeni mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti hiyo aitafute fomu. Akishindwa, msitie saini.

Mbunifu wa tovuti,
Kijitonyama, Dar es Salaam