Mwanafunzi ashike mitambo mwenyewe

Mhariri,

Programu nyingi za kuwainua wanawake na watu wenye ulemavu katika muziki huishia kwenye semina na picha za pamoja. Kurekodi hakufundishwi kwa kutazama. Mlezi mmoja achukue wanafunzi wawili, wakutane kila wiki kwa miezi sita, na mwanafunzi ndiye akae kwenye miksa, mtambo wa kuchanganya sauti: atege maikrofoni, apunguze sauti inayoingia isije ikapasuka, akosee, arudie.

Kabla wimbo haujatoka, waliochangia wote wasaini mgawanyo wa haki za wimbo huo, asilimia zitimie 100. Aliyetunga kiitikio asipoandikwa siku hiyo, kudai baadaye ni shida tupu.

Na vipindi vya kurekodi usiku wa manane, jamani, viondolewe, vinawakimbiza wasichana.

Wakufunzi wa sauti