Mdogo wangu, usije Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Tukuyu hatujambo. Mama yupo, mguu tu ndio unamsumbua baridi ikizidi.

Ujumbe wako kwamba umechoka na unataka kurudi moja kwa moja nimeusoma mara tatu. Nilifurahi mpaka nilipofika pale ulipoandika kwamba utakuja kwanza Desemba, uone hali. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mko wengi mnaopanga hivyo hivyo.

Desemba hali hutaiona. Watu wamerudi kutoka Dar, kuku wanachinjwa, kila nyumba inakungoja, na wewe ni mgeni. Mimi katika miaka 17 niliyokaa Uingereza nilikuja Desemba mara nne, na kila mara niliondoka nikiamini naijua Tukuyu. Njoo Juni au Julai. Ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe hadi mlangoni, manyunyu hayakatiki, nguo zinakaa kambani siku tatu zikiwa bado mbichi, na hakuna mwenye nafasi ya kukutembeza. Kaa hapo miezi miwili, halafu tuzungumze.

Nikwambie lini mimi nilirudi kweli, maana haikuwa siku ile niliyoshuka uwanja wa Songwe na mabegi yangu. Ilikuwa miezi mitano baada ya hapo, kwenye msiba wa jirani yetu wa bondeni. Nilikwenda na bahasha ya rambirambi, nzito kidogo, nikamkabidhi mama mkubwa kwa mikono miwili. Akaniambia, “Ahsante, mpelekee mweka hazina pale mezani. Kisha vua koti uje umenye ndizi.”

Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamezunguka mikungu kama ishirini. Mmoja akanimiminia mafuta ya kula kiganjani, nipake hadi kwenye vifundo, utomvu usinigande. Kisu kilikuwa butu. Nilimenya tangu saa mbili asubuhi mpaka jeneza lilipotolewa, na katika saa hizo nilisikia habari ambazo simu haikunipa hata siku moja: nani waligombania mpaka wa shamba, nani walipatana, mtoto wa nani aliacha shule. Nikasikia pia kwamba mwaka ule mama alipolazwa Mbeya, hao hao niliokaa nao walilala naye wodini kwa zamu, wiki tatu. Mimi nilituma hela ya dawa, nikajihesabu kwamba nimemuuguza. Nililia pale, kisu mkononi, na hakuna aliyeniuliza. Walidhani namlilia marehemu.

Weusi wa utomvu ulikaa kwenye kucha zangu karibu wiki nzima. Tangu siku ile kukiwa na shughuli naitwa mapema, pamoja na wengine, na naambiwa nije na kisu changu.

Mambo ya makaratasi yana uchovu wake. Ofisi moja ilinirudisha mara nne kwa sababu jina la ukoo lilipishana herufi moja na cheti changu cha kuzaliwa. Lakini mimi nilibaki na pasi yetu ya kusafiria ya Tanzania. Wewe ulichukua uraia wa kule, na kwa Sheria ya Uraia ya 1995 mtu mzima hawi na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kisheria unarudi kama mgeni. Hilo linaniuma kuliko unavyodhani. Kuna hii Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania, ifuatilie, ila si uraia, na kura hutapiga. Ardhi usiiguse kabla hujakaa na mwanasheria.

Na hapo ndipo kwenye shamba la baba. Najua umeona picha za maparachichi. Ni kweli, yale tuliyoyaacha yaoze chini ya miti tukiwa watoto leo wanunuzi wanayafuata mpaka shambani, na aina ya Hass imeotesha matumaini kwenye nyumba nyingi. Lakini mche wa kubebesha, ule uliounganishwa na kikonyo cha Hass, unakutaka miaka mitatu hivi kabla hujavuna cha maana, na hapo katikati migomba ya baba ndiyo inayomlisha mama. Usitume mtu aing'oe kwa maelekezo ya simu. Baba mdogo ameilinda tangu tulipomzika baba. Mpigie wewe mwenyewe, usinitume mimi, umsalimie, umwulize mvua ilikuwaje mwaka huu, na siku hiyo shamba usilitaje kabisa.

Ukifika Uyole, pale njia panda ya Mbeya, usichukue gari ya kukodi. Panda daladala ya Tukuyu kama tulivyokuwa tukifanya, nitakungoja stendi. Lete sweta nzito mbili na mabuti. Kisu ninacho cha kukupa.

Dada yako