Chuma kichunguzwe kikiwa bado majini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mabati na nondo zinavyoliwa na kutu kule Kigamboni nimeisoma yote. Mwandishi ameeleza vizuri habari za chumvi na rangi, ila kutu anaizungumzia kama kitu cha kupima baada ya chuma kukatwa, kukaushwa na kuwekwa kwenye mizani. Hapo sikubaliani naye.

Nondo iliyomo ndani ya zege zuri hujilinda kwa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Kloridi, iliyomo katika chumvi, ikipenya, kwa mfano pale mtu anapojengea mchanga wa baharini, utando hutoboka na kutu huanza. Sasa chukua utando mwembamba namna hiyo, utoe kwenye maji, ukate umeme wa jaribio, uukaushe: hewa imekwisha kuubadilisha. Darubini ya elektroni nayo kwa kawaida hutaka ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, kwa hiyo maji lazima yaondoke. Mwanga hauna masharti hayo. Unapenya kioo na maji ya chumvi, unakigonga chuma kikiwa kazini, unarudi na habari zake.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika shule ya sekondari, na wanafunzi nawaonyesha hivi. Kipande cha titani nakiunga upande chanya, kijiko cha chuma cha pua upande hasi, vyote ndani ya bika (gilasi ya maabara) la maji yenye magadi soda kidogo. Nikiunga betri mbili za volti 9 kwa mfululizo, titani inakuwa ya kahawia inayoelekea zambarau. Nikiongeza ya tatu, inageuka bluu iliyokolea. Ya nne, bluu inapauka. Kila darasa wapo wanaosema rangi imetoka kwenye magadi, basi nawaacha wabadilishe chumvi na wajionee bluu ileile. Hakuna rangi iliyopakwa pale. Volti zikipanda, utando wa oksaidi unanenepa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka kwenye metali chini yake, na unene ndio unaoamua rangi ipi ipate nguvu.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1974, huko Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walielekeza leza kwenye elektrodi ya fedha, yaani kipande cha fedha kilichoungwa umeme, iliyomo ndani ya maji yenye kloridi ya potasiamu na kemikali iitwayo piridini. Kwanza waliikwaruza kwa umeme: volti za kuifanya fedha iwe kloridi, kisha za kuirudisha kuwa fedha, tena na tena. Mtawanyiko wa Raman (mwanga unaorudi ukiwa umebadilika rangi kidogo kulingana na molekuli ulizozigonga), ambao kwa kawaida ni hafifu mno, ulionekana waziwazi, na ulibadilika kadiri walivyobadilisha volti. Wao walidhani sababu ni eneo la uso kuongezeka. Mwaka 1977 makundi mengine mawili, moja la Marekani na moja la Uingereza, yalionyesha kwamba eneo peke yake halitoshi: ishara ilikuwa imekuzwa kiasi cha mara laki moja hadi milioni. Maji yenyewe hutawanya Raman kidogo sana, na ndiyo maana njia hii inafaa kwa chuma kilichozama. Leo inatofautisha hata aina za kutu, ikiwemo akaganeiti, ambayo hutokea penye kloridi. Kwa mji wa pwani kama wetu, hiyo ni habari ya kujengea nyumba.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya hapa Dar es Salaam. Chenye spektromita ya Raman, kifaa cha kupima mwanga huo, kifunge mbele ya leza yake chombo cha maji chenye elektrodi, kiweke nondo ya kawaida ya dukani ndani ya maji ya bahari yetu, na matokeo yaletwe Sabasaba ili mafundi ujenzi wayaone na kuuliza maswali. Titani, bika na betri zangu nitakuja navyo kwenye banda lolote litakalonipa meza.

Fundi maabara,
Mbagala, Dar es Salaam