Imani iko pia sokoni

Mhariri,

Hapa Bagamoyo tuna magofu ya msikiti wa Kaole na misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, hivyo ikitajwa imani watu hufikiria ibada tu. Neno letu ni pana kuliko hapo. Nendeni soko la samaki alfajiri: mama anachukua ndoo ya dagaa kwa mali kauli, bila karatasi wala shahidi, na jioni analeta pesa. Hiyo ni imani. Na anayemfukuza mgonjwa mlangoni tunasema hana imani, hata kama hakosi sala (wazee wetu walilisisitiza sana hili). Naomba walimu wa dini na wa Kiswahili wawafundishe watoto maana zote hizi.

Msomaji wako,
Bagamoyo