Mlitujengea dohani, ufagio wake uko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama lishe hapa Newala, mwaka wa 23 huu nauza chai, chapati, wali na maharage, na ninachotaka kukisema ni habari ya dohani, lile bomba la kutolea moshi wa jiko. Najua msomaji wa Dar es Salaam atacheka: dohani, Mtwara, na joto lote lile? Huyo ajaribu kuja Newala mwezi wa saba. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, kusi inapenya chini ya mlango, na wateja wangu wanashika kikombe kwa mikono miwili kabla hawajaanza hata kunywa. Moto kwetu si wa kupikia tu.

Mwaka 2019 mtaani kwetu walikuja watu wa mradi. Jina lao silitaji, sikuja kugombana na mtu. Walitujengea majiko banifu ya matofali, kila jiko matundu mawili ya sufuria na bomba la bati linalotoboa paa kwenda juu. Niseme ukweli, jiko lilikuwa zuri. Kabla ya hapo nilipikia mafiga matatu, macho mekundu mpaka wateja wakawa wananiuliza kuna msiba gani. Na lile jiko mzigo wa kuni wa siku mbili ukawa unafika siku ya nne. Siku ya kukabidhiwa tulipigwa picha, tukala pilau (niliyoipika mimi), gari likaondoka. Tulifundishwa kuwasha na tukafundishwa kuchochea. Kusafisha hakuna aliyekutaja.

Nikapika miaka mitatu. Jiko nilikuwa nalifagia kila siku, majivu nayatoa, tofali nalipaka udongo upya likichanika. Lakini bomba? Nani huwa anafagia bomba? Kwa akili yangu moshi ulikuwa unapita tu, kama abiria.

Kosa lilikuja na maganda ya korosho. Msimu mmoja kuni zilipanda bei, na kina mama wanaobangua korosho jirani yangu wakawa wananipa maganda bure, magunia kwa magunia. Kila aliyekulia huku anajua ganda la korosho lina mafuta, yakikugusa ngozi inababuka. Motoni yanawaka kwa fujo na kutoa moshi mweusi mzito. Mimi nikaona neema. Maji ya chai yalikuwa yanachemka kabla sijamaliza kusukuma chapati ya kwanza.

Moshi ule haukuwa unatoka wote. Ukipanda bombani ukafika juu, ambako bati ni baridi, unaganda, sawasawa na mvuke unavyoganda chini ya mfuniko wa sufuria, ila unachoacha si maji bali kitu kama lami. Kuni mbichi nazo zinafanya hivyohivyo, polepole zaidi. Wenye utaalamu wanakiita kreosoti. Sisi tunasema masizi na tunayamaliza hapo, kumbe masizi yako ya aina. Kuna yale ya unga, ukiyapangusa kwa kidole yanatoka. Kuna yanayobanduka kama magamba. Na kuna yale meusi yanayong'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, ambayo hata ukikwangua kwa kisu hayatoki. Yangu yalikuwa ya tatu, na yale yanawaka.

Ilikuwa Julai 2022, saa kumi na moja alfajiri, kusi inavuma. Nilikoleza moto kwa makuti makavu ili niwahi. Nikasikia mngurumo ndani ya bomba, kama lori la mizigo linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Nikadhani ni lori kweli, nikatazama barabarani. Nilipogeuka bomba lilikuwa jekundu, kuanzia linapoachana na matofali hadi usawa wa kifua changu, na nje cheche zinarukia paa la makuti la jirani.

Mjukuu wangu akaja mbio na ndoo ya maji. Nilimpigia kelele aiache. Mhariri, nisijisifu bure: sikujua lolote kuhusu moto wa dohani. Mtu uliyekulia Newala, kwenye uwanda ambao bibi zetu walikuwa wanateremka bondeni kutafuta maji, huwezi kuona ndoo nzima inamwagwa bila moyo kuruka. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba maji yakimwagwa kwenye bomba na matofali yaliyoiva moto yanageuka mvuke hapohapo, tofali linapasuka na mvuke unamrudia aliyemwaga. Uchoyo wangu wa maji ndio uliomwokoa yule mtoto uso wake.

Nilichofanya ni kuziba mdomo wa jiko kwa karai, nikasiliba kandokando kwa udongo mbichi niliokuwa nao wa kukandika, na matundu ya juu nikayafunika kwa sufuria. Moto ukinyimwa hewa chini unachoka. Ngurumo ikapungua, ikawa mluzi, ikanyamaza. Watoto walikuwa nje tayari, na vijana wa bodaboda walikuwa juu ya paa la jirani wanarusha mchanga. Tulipoteza mbao moja ya kenchi na biashara ya siku ile. Namba ya Zimamoto, 114, wakati ule sikuijua. Sasa nimeiandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa, hata anayedai chenji anaiona.

Siku ya tatu nikamwita fundi mmoja mzee ambaye ujanani alijenga majiko ya misheni. Alisimama anatazama juu muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hili nani alikuwekea?" Bomba lilikuwa linapita vidole vinne tu kutoka kwenye mbao. Bomba tupu la bati, akasema, likae mbali na mbao au makuti angalau dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambayo kwa vipimo vya dukani inafika sentimita 45 hivi. Pale linapotoboa paa, pande zote pawe na bati pana, si makuti yanayolikumbatia. Na juu lilikuwa fupi. Lilichungulia tu, likaishia chini ya mgongo wa paa, ndiyo maana kusi ikivuma moshi ulikuwa unanirudia jikoni. Kanuni yake ilikuwa hii: lizidi paa kwa mita moja pale linapotokea, na lipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho karibu nalo ndani ya mita tatu, iwe mgongo wa paa au nyumba ya jirani.

Bomba lile halikusafishika. Nililitupa, na jipya lilikula faida ya wiki tatu.

Sasa nina ufagio wa dohani. Mhunzi wa hapa mjini alinitengenezea kwa waya za tairi kuukuu, akazifunga kwenye kipande cha nondo, upana wake umezidi bomba kidogo ili ubane ukipita, na mpini ni mwanzi. Nasafisha Jumapili jioni, jiko likiwa limelala bila moto tangu Jumamosi. Nafunika mdomo wa jiko kwa gunia bichi ili masizi yasijae nyumbani, najifunga kitambaa puani, navaa kanga ambayo haina tena heshima ya kuvaliwa mbele za watu. Kijana anapanda, anashusha ufagio kutoka juu, anapandisha, anashusha. Chini nasikia yanaanguka, *kwaa, kwaa*, kama mvua ya mchanga. Safari ya kwanza tulitoa nusu ndoo. Safari moja tulitoa kiota cha mbayuwayu, kikavu, chenye manyoya, kimeziba nusu ya njia. Tangu hapo juu pana kofia ya bati yenye wavu, na wavu wenyewe tunaukung'uta kwa sababu nao unaziba.

Kwa nyumba ya kawaida, kusafisha mara moja kwa mwaka ndicho kiwango cha chini kabisa, na wakati mzuri ni mvua zinapokwisha, mwezi wa tano, kabla baridi haijaanza na moto haujakaa mchana kutwa. Mimi napikia watu, kwa hiyo ni kila baada ya miezi miwili. Kama una shaka chukua spoku ya baiskeli, kwangua ndani. Unene ukifika milimita tatu usingoje Jumapili.

Mvua zikianza, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, adui ni mwingine. Maji yakiingia bombani yakachanganyika na masizi yanakuwa makali na kula bati kwa ndani, wewe unaona nje pazima. Dada yangu yuko Lindi mjini karibu na bahari, kwake chumvi inakula kwa nje pia. Bomba lake ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia. Nilimwambia alibadilishe, akasema litamaliza mwaka. Tunaendelea kubishana kwenye simu.

Lakini kazi kubwa iko kwenye kuni, si kwenye bomba. Kuni zangu za masika nazinunua Juni. Nazipasua, maana gogo zima halikauki moyoni hata likikaa jua la mwaka, nazipanga juu ya uchanja zisiguse ardhi, juu nafunika bati, ubavuni naacha wazi upepo upite. Miezi sita si mingi. Matawi ya mikorosho watu wanapopogoa yanauzwa rahisi, nayanunua, ila hayaingii jikoni mwaka uleule. Kuni kavu utaijua: ncha zake zina nyufa, gome linaachia, na ukigonganisha mbili zinalia *ko!* Mbichi zinasema *pu*. Ikianza kutoa povu kwenye ncha ukiwa umeshaiweka motoni, jua unapika lami bombani. Maganda ya korosho siku hizi sitaki hata kuyaona.

Majivu nayo. Nilikuwa nayamwaga kwenye mgomba nikijua yamepoa, hadi siku ua wa makuti uliposhika moto saa nane mchana kwa majivu ya jana yake asubuhi. Kaa la moto linajificha ndani ya majivu siku tatu, nne. Sasa yanalala kwenye debe la bati lenye mfuniko, nje, mbali na ukuta.

Kuna jambo moja ambalo si la dohani, ni la kukosa dohani. Baridi ya Juni na Julai huku watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Mama yangu mzazi alifanya hivyo. Alfajiri tulimkuta ameinama kitandani anatapika, kichwa kinampasuka, miguu haimtii, na mtoto aliyelala naye hazinduki vizuri. Watu walishaanza kutaja majina ya wabaya wetu. Tulipowatoa nje kwenye upepo walianza kurudi, na zahanati wakatuambia ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, ndio huo huo unaoitoa. Mama sasa anaota moto jikoni kwangu, penye bomba, kisha analala na blanketi mbili na mjukuu. Jiko halivuki kizingiti.

Wapo watakaoniambia, mama, hamia kwenye gesi. Mtungi ninao, nachemshia chai ya wanaowahi basi. Lakini sufuria ya maharage ya watu 40 kwenye gesi ya mtungi itanirudisha kijijini. Na ile gesi asilia inayochimbwa Mnazi Bay, mkoa wetu huuhuu, ilijengewa bomba hadi Dar es Salaam. Bomba lile halikupita jikoni kwangu. Nimesikia redioni mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Naupokea kwa mikono miwili. Ila kati ya leo na 2034 kuna masika mengi, na mabomba mengi yako juu ya mapaa yetu sasa hivi.

Ombi langu kwa wanaotuletea majiko, wa serikali na wa miradi: mkileta bomba, leteni na ufagio wake. Mfundisheni fundi mmoja kila kijiji, Newala, Tandahimba, Nachingwea, kote, awe analipwa na sisi wenyewe, tutalipa. Na mrudi baada ya masika ya kwanza, bila kamera, mpande juu mchungulie.

Mtaani kwetu yalijengwa majiko 11. Ufagio ni mmoja, wangu. Uliazimwa wiki mbili zilizopita, sasa nasikia uko nyumba ya nne, na wingu la kaskazi limeshaanza kuonekana.

Mama Lishe,
Newala, Mtwara