Mhariri, plasta ya Gambia na rola ya saluni msiziweke kapu moja

Mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu kuhusu vijisindano vya kupitishia dawa kwenye ngozi, imeandikwa vizuri tu na mwandishi kajitahidi, ila kuna sehemu imenikera mpaka nikaona bora niandike. Mmeanza na chanjo ya surua ya plasta iliyojaribiwa Gambia, mkamalizia na picha ya dada kalala saluni anapitishiwa rola yenye vijisindano usoni, afu chini yake mmeandika eti teknolojia hii imethibitika kuwa salama. Teknolojia ipi sasa? Hapo kuna vitu viwili, na kilichopimwa ni kimoja.

Mi nafanya kazi famasi hapa Dar kwa hiyo haya mambo yananifikia kaunta, na sina ugomvi kabisa na plasta. Ule utafiti wa Gambia ulitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024, walikuwepo watu wazima 45, watoto wa mwaka na miezi kadhaa 120 na wachanga wa miezi 9 wengine 120. Plasta inabandikwa kwenye kifundo cha mkono dakika 5, vijisindano vinayeyukia humohumo ndani ya ngozi, ukiibandua hakuna ncha ya kumchoma nesi wala ya kuokotwa jalalani. Kwa wale wa miezi 9 waliopata plasta asilimia 93 walipata kinga ya surua, waliochomwa sindano ya kawaida asilimia 90. Madhara yalikuwepo pia, tusidanganyane, 39 kati ya wachanga 60 waliobandikwa ngozi ilikuwa ngumu pale pale kwenye plasta na wengine rangi ilibadilika, lakini hakuna aliyepata tatizo kubwa lililosababishwa na plasta. Na kuna faida moja haizungumzwi sana, chanjo ya surua ya kawaida inakuja kama unga, lazima mhudumu achanganye na maji yake, na hapo ndo makosa yanapoingilia. Syria mwaka 2014 watoto 15 walifariki kwa sababu badala ya maji ya kuchanganyia iliwekwa dawa ya kulegeza misuli inayotumika theatre. Plasta haina cha kuchanganya.

Sasa tuje saluni.

Lile tabaka la juu kabisa la ngozi, la seli zilizokufa, unene wake ni kama mikroni 10 mpaka 20 tu, na milimita moja ina mikroni 1,000, yaani ni jembamba vibaya lakini ndo ukuta wenyewe. Chini yake kuna seli za kinga zimejaa, zinalinda, kazi yao kukamata kigeni chochote kinachopita na kupiga yowe. Ndo maana chanjo ikiwekwa pale inafanya kazi vizuri, hata BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, wanatuchoma hapohapo ndani ya ngozi na kovu tunalo wote. Lakini seli hizo hazichagui, ukipitisha chanjo zinaipokea, ukipitisha marashi ya kwenye krimu zinayapokea vilevile, na hapo mwili unaweza kuanza vita na kitu ambacho kikipakwa juujuu tu kisingekusumbua maisha yako yote. Mwaka 2014 jarida la JAMA Dermatology lilitoa kesi za wanawake watatu Marekani waliopigwa vijisindano usoni pamoja na seramu, yaani kimiminika cha kupaka usoni, wawili kati yao ya vitamini C, vitamini C jamani, wakatoka vinundu na wekundu ambao haukutoka kirahisi. Ile seramu ilitengenezwa ikae juu ya ngozi, hakuna aliyeipima ikiwa chini yake.

Kama vitamini C imefanya hivyo, mkorogo wa kujichubua je? Maana huku kwetu ndo kinachofuata baada ya rola, si wote lakini wapo, mteja anatobolewa uso mzima afu anapakwa krimu iliyochanganywa nyuma ya kaunta, ndani yake kuna betamethasone au clobetasol, dawa kali za steroidi, pengine na hydroquinone ya kung'arisha ngozi ambayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi siku nyingi tu, na anaambiwa hapa ndo inaingia vizuri. Inaingia kweli! Hilo ndo tatizo. Kiasi gani kimeingia hakuna anayejua, hata aliyekoroga hajui.

Na hizo rola zenyewe. Kuna mteja alituletea yake anauliza spiriti ya kuisafishia, boksi limeandikwa sindano 540, milimita 0.5. Ukiiangalia kwa karibu kwenye mwanga sindano hazipo, ni visahani vya bati vyenye meno vimepangwa kimoja baada ya kingine kwenye mhimili wa plastiki, na katikati ya visahani kuna vitu vimekauka vyeusi, unywele mmoja umejisokota. Tukaipitisha juu ya pamba, nyuzi zikanasa kila mzunguko, maana yake ncha zimepinda zimekuwa ndoana, hazitoboi tena, zinachana. Na alisema anatumia na mdogo wake. Spiriti haifiki katikati ya visahani vile, na plastiki ile ukiichemsha inaharibika, kwa hiyo hakuna namna ya kuisafisha ikawa salama kwa mtu wa pili, na virusi vya homa ya ini B vinakaa kwenye kitu kikavu siku 7 au zaidi vikiwa bado vinaambukiza. Watu wanaogopa UKIMWI tu, mi hapa naogopa homa ya ini kwanza.

Ingawa UKIMWI nao upo kwenye hadithi hii. Marekani, jimbo la New Mexico, saluni moja isiyo na leseni ilikuwa inafanya ile wanayoita vampire facial, unatolewa damu, inazungushwa, inarudishwa usoni kwa vijisindano. Ilifungwa mwaka 2018 baada ya mteja kukutwa na VVU, wakaguzi wakakuta chupa za damu hazina majina na sindano zilizofunguliwa zimezagaa, na mwaka 2024 CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wakatoa taarifa ya kundi la maambukizi linalohusishwa na saluni hiyo. Hiyo ni Marekani ambako mkaguzi anafika.

Tena FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, inasema wazi kwamba vifaa vya vijisindano walivyoruhusu kwa ajili ya makovu na mikunjo havikuruhusiwa kupitishia krimu, vitamini, dawa wala damu. Mwaka 2025 wakatoa tahadhari nyingine, hii ya mashine zinazochanganya vijisindano na joto la mawimbi ya redio, watu wameungua, wengine neva zimeumia. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna letu la ziada, weusi unaobaki baada ya kidonda, na keloidi kwa wale ambao miili yao inazitengeneza, mtu anaenda kuondoa kovu la chunusi anarudi na makovu yanayoshikika kwa kidole.

Kwa hiyo ombi langu gazeti liwafuate TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na TBS, shirika la viwango, wote wawili pamoja. Tangu 2019 dawa na vifaa tiba viko TMDA, vipodozi vikahamia TBS, sasa rola ni kifaa tiba au kipodozi? Na seramu ikishapita chini ya ngozi bado ni kipodozi au imeshakuwa dawa ya sindano inayotakiwa iwe safi kabisa na kipimo chake kijulikane? Mi jibu langu ninalo ila mwenye mamlaka ya kufunga duka si mimi.

Na ile picha naomba muitoe kwenye makala hata kama imeshasomwa. Plasta ya chanjo siku ikifika kliniki zetu kutakuwa na mama ambaye dada yake aliharibika uso kwa rola, na kama mmeshamfundisha kwamba ni kitu kilekile, mtoto wake hatabandikwa, na surua haimngoji mtu abadilishe mawazo. Wekeni picha ya kifundo cha mkono chenye plasta, zipo.

Mhudumu wa famasi,
Dar es Salaam