KUH: Nanga iliyotupwa juu ya matumbawe ya Kisite, Jumapili tarehe 4 Januari 2026

Kwa Meneja wa Kampuni,

Bwana/Bibi,

Mimi ndiye niliyeiandikisha familia yangu katika safari yenu ya siku moja kutoka Shimoni hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, na malipo yote niliyatuma mapema kwa simu kama mlivyoagiza. Naandika kulalamikia namna safari hiyo ilivyoendeshwa, na hasa kitendo cha nahodha wenu tulipofika mwambani.

Tuliagizwa tuwe gatini saa moja na nusu asubuhi, nasi tulikuwapo. Boti iliondoka saa nne na robo, kwa kuwa ilikuwa ikiwangoja wageni kutoka Diani ambao karani wenu alishikilia kuwa wako njiani. Kungoja peke yake kusingenifanya niandike barua. Lakini mwezi ulikuwa mpevu, bahari ilikuwa ya bamvua, na watu wa kazi yenu wanajua vyema kuliko mimi kwamba katika siku kama hizo maji ya pwani yetu hupwa sana kabla ya adhuhuri. Tulifika Kisite wakati mbaya kuliko wote: maji yalikuwa haba, na maboya ya kufungia vyombo yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na boti zilizoondoka kwa wakati.

Badala ya kusubiri boya liachwe, au kuomba kujifunga ubavuni mwa chombo kingine kama nilivyoona wengine wakifanya, nahodha alimwamuru baharia atupe nanga pale pale. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia majini na miwani, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa. Nanga ililala katikati ya matumbawe yenye matawi, na kila boti ilipopeperushwa na upepo wa kaskazi mnyororo uliyafagia, vumbi jeupe likapanda hadi samaki wasionekane. Ilipovutwa ilitoka na tawi lenye urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, bado lina rangi yake ya kahawia na ncha za samawati. Baharia alilikwanyua akalirusha majini huku akicheka. Wakati huohuo abiria wasiojua kuogelea walikuwa wamesimama juu ya matumbawe kana kwamba ni sakafu, wala hapakuwa na mfanyakazi wenu hata mmoja aliyewakataza.

Matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa kwa wingi joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na yanayoota upya huchukua miaka mingi kufikia kimo cha tawi lile. Ndani ya Kisite uvuvi umepigwa marufuku, na wavuvi wa Shimoni na Mkwiro wameubeba mzigo wa katazo hilo tangu miaka ya 1970. Sioni ni kwa haki gani chombo cha utalii kivunje kile ambacho mvuvi haruhusiwi hata kukitupia mshipi.

Ada ya hifadhi mliitoza pamoja na nauli. Ada hiyo hulipwa Shirika la Huduma za Wanyamapori kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na risiti yake hupatikana papo hapo. Niliiomba nikaahidiwa kutumiwa, na hadi leo sijaiona. Aidha, kwa sababu ya kuchelewa kwenu tulikatiziwa matembezi ya kisiwa cha Wasini, na kina mama wanaotunza ule ujia wa mbao katika bustani ya matumbawe wakakosa kiingilio chetu, ingawa ratiba yenu ilitaja ziara hiyo kuwa imo ndani ya bei. Chakula cha mchana sina neno nacho; kilikuwa kizuri.

Naomba mnirudishie nusu ya nauli pamoja na gharama ya ziara ya Wasini, mnitumie risiti ya ada ya hifadhi yenye idadi ya watu wa kundi letu, na mnieleze kwa maandishi ni maagizo gani mmewapa manahodha wenu kuhusu kutia nanga pale maboya yanapokuwa yamejaa. Nisipopata jibu katika muda wa siku 14, nitawasilisha nakala ya barua hii, pamoja na picha nilizopiga nanga ilipokuwa ikivutwa, kwa msimamizi wa hifadhi aliyeko Shimoni.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Mombasa